Asali ya Nashipai na Chapa ya Ng'ombe

Nashipai ni jirani yangu hapa Ganako, Karatu, na kwa ubishi sijaona wa kumfikia. Alipofiwa na mume aliondoka kwenye boma la wakwe zake, Loliondo, akaja Karatu kuuza asali. Asali ikapendwa. Lodji moja ya watalii ya Ngorongoro ikakubali kuichukua kwa mkataba, mradi kufikia Ijumaa awe ameomba usajili wa alama yake ya biashara.

Alhamisi akaingia kwenye steshenari yangu, maana mimi ndiye huwajazia watu maombi ya mtandaoni. Alikuwa na mchoro wa duara lililokatwa na mistari miwili. Ndiyo chapa ambayo marehemu mumewe aliwachoma nayo ng'ombe wake.

"Tuma, Mama Noel."

"Kwanza tutafute kama haina mwenyewe."

"Nani awe nayo? Iko kwenye ngozi za ng'ombe wetu tangu enzi za babu yake mume wangu."

Alinikera. Nikamwambia ombi likikataliwa lodji haitamngoja, nikafungua kumbukumbu za alama zilizosajiliwa. Jina la asali yake halikuwa na mtu, akaanza kunicheka. Lakini wengi hukosea hapo hapo, wanatafuta jina na kusahau picha. Nikapitia picha za wauza vyakula moja moja, mtandao ukisuasua, naye amenisimamia begani.

Duara na mistari miwili likatokea. Bidhaa: asali. Mwenye alama: Sairowua, mdogo wa marehemu.

Niliumia kana kwamba asali ni yangu. Tulipaswa kujua. Chapa ya ng'ombe si ya mtu mmoja; kila mwanamume wa ukoo ule huichoma kwenye mifugo yake.

Nashipai akapiga simu, akaweka spika. Sairowua akajibu kwa Kiswahili badala ya Kimaasai, nadhani ili na mimi nisikie.

"Niliisajili isije ikachukuliwa na watu wa nje, shemeji. Ni ya boma."

"Na mimi ni wa nje?"

"Wewe ndiye uliyetoka. Rudi, ukae kwangu kama mila inavyotaka. Ruhusa ya alama nitakupa leo leo."

Kukaa kwake maana yake ni kurithiwa. Nashipai alishalikataa hilo mara moja, na ndilo lililomleta Karatu. Sasa aliutazama ule mchoro wa chapa, nikaogopa kweli kweli kwamba atakubali. Nilitamani kuinyakua ile simu nimpe yule bwana vidonge vyake, ila mambo ya ukoo wa watu hayaingiliwi.

"Nimekusikia, shemeji," akasema mwishowe. "Baki nayo."

Akakata. Akavuta karatasi, akaweka kiganja chake juu, akakizungushia kalamu, kisha katikati akachora nyuki. Nyuki mwenyewe alifanana na nzi, lakini sikuthubutu kusema. Tukaanza kutafuta upya, picha kwa picha, na safari hii hakucheka. Hakukuwa na mchoro uliokaribia ule.

Nikafungua fomu. Kwenye sehemu ya mwenye alama nikaanza kuandika jina la mumewe baada ya lake, kama anavyojulikana hapa kwetu. Akanishika mkono.

"Andika Nashipai Moloimet," akasema, huku machozi yakimtoka. "Moloimet ni baba yangu."