Miviringo Niliyoisugua

Harufu ya jivu lililolowana na sabuni ya kipande hunirudisha moja kwa moja Kaloleni, kwenye bomba la nje tulipooshea vyombo, nikiwa na miaka tisa na majivuno yasiyo na kipimo juu ya sufuria nilizong'arisha. Kwetu usafi ulikuwa sifa ya msichana, nami sifa nilizipenda. Msimu huo kina mama wa mtaa walikuwa wakitayarisha mchezo wa kuigiza katika ukumbi wetu. Mama, ambaye hakuwahi kupanda jukwaani, alipewa nafasi ya mjane anayesimama peke yake mwishoni. Aliyakariri maneno yake huku akikanda unga wa chapati. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba Bibi, mama yake mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, asingeuona uso wake.

Baba alikuwa fundi wa umeme. Lenzi ya taa ya ukumbi, kioo kinene kilichomtoa mtu jasho kukibeba, ilikuwa imepasuka. Alitafuta nyingine hadi mwokotaji taka wa Dandora akamletea karatasi ngumu ya plastiki, nyembamba kama jalada la daftari. "Hii ni mali safi, mzee," alisema. "Nimeitoa kwa TV kubwa, zile za kitambo." Baba aliibeba kwa vidole viwili, akicheka peke yake.

Asubuhi ya mchezo aliniambia niifute vumbi. Niliifuta, lakini ilibaki na miviringo, mmoja ndani ya mwingine, kuanzia katikati hadi pembeni. Niliona aibu kwa niaba ya familia yetu. Nikachukua jivu na waya wa sufuria, nikaanza pembeni, nikasugua kwa bidii yote. Baba alinikuta nikikaribia katikati. Hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mwanangu, huo uliouona uchafu ndio lenzi yenyewe," alisema. Kisha akachuchumaa kunieleza. Mwanga hupindwa na uso wa kioo, si na unene wake. Kwa hiyo wajanja waliondoa unene, wakaukata mteremko wa juu na kuulaza kwa ngazi, kama matuta ya shamba la mlimani. Kila tuta huupinda mwanga kidogo, wote ukaelekea upande mmoja. Nililia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alasiri madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Baba aliifunga plastiki yangu iliyokwaruzwa mbele ya taa, mbali na balbu isije ikayeyuka. Mama akasimama. Pembeni mwanga ulitawanyika kama ukungu, lakini katikati ulimwangukia usoni, mweupe na mtulivu. Bibi, kwenye benchi la nyuma, alinishika mkono. "Namwona mwanangu," alisema. Mcheza kwao hutunzwa, na siku ile Mama alitunzwa leso tatu.

Siku hizi lenzi ya aina ile imo kwenye taa ya simu yangu, ndogo kuliko punje ya dengu, na miviringo yake naiona nikiitazama kwa karibu. Naiwasha kila asubuhi nikimwekea Mama dawa ya macho, kwani sasa ni yake yanayofifia. Kwanza mimi huifuta kwa pindo la leso.

"Polepole," Mama huniambia, akitabasamu. "Usisugue."