Betri Niliyoitafuta kwenye Treni ya Bwana Kanji

Wengi wenu hapa mmeisikia habari hii nusunusu kwa watu wa Chumbageni, kila mtu na chumvi yake, mmoja anasema nilichoma duka la Mhindi, mwingine anasema nilirushwa na umeme mpaka mtaa wa pili, basi leo isikieni kwa mwenye aibu yake, maana nimechoka kuisikia ikinona kwenye vinywa vya watu ambao hata hawakuwapo. Duka halikuungua. Kilichoungua ni behewa moja la bati, tena dogo, ungeweza kulibeba kwa mkono mmoja na mkono wa pili ukashika kikombe cha kahawa. Lakini aibu haipimwi kwa ukubwa wa behewa, na mimi lile behewa lilinitoa mke mkononi.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana, nafanya kazi reli hapa Tanga, upande wa taa za mabehewa. Kazi yenyewe (nisijipambe) ilikuwa kutia maji betri, kubadilisha globu na kukaza mikanda ya dinamo, lakini mtaani waliniita Fundi Umeme na mimi niliitika. Sasa ili mnielewe, lazima mjue taa za behewa la kweli zilivyokuwa zikipata moto, yaani umeme. Kila behewa lilikuwa na sanduku la betri chini ya sakafu, na pembeni yake dinamo inayozungushwa na magurudumu, kwa hiyo treni ikitembea taa zinakula kwenye dinamo, ikisimama stesheni zinakula kwenye betri. Betri ikifa, utaona taa zinawaka vizuri njiani, treni ikisimama tu, giza. Ugonjwa huo nimeuona mara nyingi mno, Korogwe, Mombo, hata hapa hapa Tanga, abiria wanapapasa mizigo yao gizani na kunitukania mama yangu.

Mwaka wa mkasa huo mjomba wangu alikuwa amenipelekea barua ya posa kwa Mzee Bakari, fundi cherehani, baba yake Mwanaidi. Mwanaidi nilimjua kwa kumwona akimpelekea baba yake chakula barazani kwa Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka, ambako mzee alikuwa ameweka cherehani yake, na sikuwahi kumwambia neno zaidi ya salamu, lakini moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwao na virago vyake vyote. Barua ilikaa kwao wiki tatu. Mjomba alipokwenda kuulizia jibu, Mzee Bakari akamwambia, "Kijana simkatai, ila nataka nimwone kwanza akiwa kazini." Mjomba akarudi ananicheka, akasema mzee huyo hata kitambaa hakikati mpaka akinuse.

Ramadhani ikaingia, na katika kumi la mwisho Bwana Kanji akanunua treni ya kuchezea, ya zamani sana, kutoka kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Si mchezo wa watoto hasa, wajomba zangu. Ilikuwa na injini na mabehewa matatu ya abiria, yamepakwa rangi nyekundu, na ndani yake viti, na kwenye viti abiria wa bati, mabwana wenye kofia na mabibi wenye mikoba, na juu ya kila behewa globu ndogo kama punje ya mtama. Vioo vyake vilikuwa vya ile karatasi ngumu inayong'aa, jamaa ya filamu za picha. Bwana Kanji akaipanga dirishani kwenye reli ya mviringo, akaiunga kwenye kisanduku cha kupunguza umeme chenye kishikio cha kuzungusha, ukizungusha inakwenda, ukirudisha inasimama. Alitaka sikukuu ya Idi watu wajazane dukani. Kero yake ilikuwa moja tu: treni ikitembea taa zinawaka, akiisimamisha kwenye stesheni yake ya mbao watu wawatazame wale abiria, taa zinazimika.

Mzee Bakari aliyekuwa barazani anapinda kanzu za watu akamwambia, "Ninaye kijana wa reli, kazi yake ni hiyo hiyo. Nitakuitia."

Nikaitwa, alasiri, nina saumu, midomo imenikauka. Nikamsalimu Mzee Bakari, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu, ingia utazame." Bwana Kanji akazungusha kishikio, treni ikaenda, taa zikawaka. Akarudisha, treni ikasimama, taa zikafa. Jamani, hata sikuhitaji kuinama. Kifua kilinijaa.

"Betri imekufa," nikasema.

Mzee Bakari akasimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani. "Kitu kidogo hivi kina betri? Una hakika?"

Hapo ndipo nilipopotelea. Ningesema, ngoja mzee, hii siijui, nifungue kwanza nione. Neno dogo tu. Badala yake nikasema, "Mzee, hii ndiyo kazi yangu."

Nikaezua paa la behewa la kwanza. Betri hakuna. La pili, hakuna. La tatu, hakuna, wala dinamo, wala mkanda, ni globu tu na waya mmoja unaoshuka mpaka chini ya sakafu na kuishia kwenye ulimi wa shaba unaosugua reli ya katikati. (Maana reli zake zilikuwa tatu. Hilo nalo lilinichanganya, mimi nimezoea mbili.) Nikaligeuza behewa juu chini, nikalitikisa, nikalinusa. Nikajiuliza, sasa huu moto unatoka wapi? Njaa inaniuma, jasho linanitoka, na ule ulimi nikautazama kwa muda nikaamua kuwa ni kitu cha kukwangua uchafu relini. Msicheke. Nyinyi mngeamua nini?

"Umekiona ulichokuwa unatafuta?" Mzee Bakari akauliza.

"Nimekiona," nikasema. "Mzungu aliiondoa betri. Tutatia nyingine."

Bwana Kanji akanipa betri za tochi kutoka kwenye rafu yake, mbili kwa kila behewa. Nikaziunga, ile globu ikatoa mwanga hafifu hata macho yangu yakadhani yanadanganywa na saumu, nikaing'oa nikatia globu ya tochi, na hiyo, wallahi, iliwaka vizuri. Tatizo likawa mahali pa kuziweka. Chini ya behewa hazienei, zinagusa reli. Ndani mna viti, na vitini mna watu. Basi nikawashusha abiria wote, mabwana kwa mabibi, nikawapanga mezani, nikalaza betri mahali pao na kuzifunga kwa uzi wa cherehani nilioomba kwa baba mkwe (nilikuwa nimeshaanza kumwita hivyo kimoyomoyo).

"Na abiria wangu?" Bwana Kanji akauliza. "Mimi taa nilizitaka ili watu wawaone hao."

Nikawarudisha wachache, wakalala kifudifudi juu ya betri kama watu wa meli iliyovunjika. Mabehewa yamesimama, taa zinawaka. Mzee Bakari akaja akachungulia, akasema, "Mashaallah," na neno lile moja lilinishibisha kabla ya futari. Bwana Kanji akataka aiendeshe tuone, lakini magharibi ilikuwa imekaribia, na mimi nikasema hakuna haja, taa ikiwaka imesimama, itakosaje kuwaka inatembea? Kwenye behewa la kweli ni hivyo. Nikaenda zangu kufuturu.

Siku ya Idi, baada ya sala, nikatia kanzu mpya, nikamchukua mama yangu nikampeleka mwenyewe kwa Bwana Kanji akaone kazi ya mwanawe. Watu walikuwa wamejaa dirishani na ndani ya duka. Mzee Bakari amesimama mbele, kanzu nyeupe kama samaki nguru aliyepasuliwa, na ubavuni mwake kaka yake mkubwa aliyekuja kutoka Mkwaja. Nyuma ya duka, upande wa wanawake, nikamwona mke wa Mzee Bakari na Mwanaidi wamejitanda. Bwana Kanji ameweka jagi kubwa la sharubati ya waridi kwa wageni. Nikaunga nyaya zangu, taa zikawaka mabehewa yote matatu, watu wakasema aah, na Mzee Bakari akamgusa kaka yake mkono akamwambia, "Huyu ndiye."

Bwana Kanji akazungusha kishikio.

Treni ilisogea kidogo tu, na taa zote tatu zikamulika ghafla mwanga mweupe wa kuumiza macho, zikafanya pa, pa, pa, zikafa. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo mchezo wenyewe. Mmoja akasema, "Rudia." Katika maisha yangu yote ya reli taa hazijafa kwa sababu treni inatembea, zinakufa kwa sababu imesimama, nikaona kama dunia imegeuzwa na mimi peke yangu ndiye sikuambiwa. Nikabadilisha globu. Zikawaka. Kishikio kikazungushwa. Pa, pa, pa. Nikabadilisha tena, safari hii mama yangu ananiita kwa sauti ya chini, "Rajabu, mwanangu, njoo tuondoke," na mimi nasema, "Subiri, mama, ni kidogo tu."

Globu zikaniishia mkononi, na hapo akili yangu ikafanya jambo ambalo mpaka leo silielewi. Nikasema huenda globu ndizo zinazoziba nguvu, nikachukua waya mwembamba nikaunga moja kwa moja, bila globu, ili umeme upite kwa raha. Bwana Kanji akazungusha. Ule waya ukawa mwekundu, ukakunjamana, ukagusa kioo cha lile behewa, na ile karatasi ikashika moto fyuu, ikaondoka na rangi ya paa na ya bibi mmoja wa bati mwenye mkoba. Watu wakarudi nyuma. Mimi nikakamata kilichokuwa karibu nikamwaga. Kilichokuwa karibu ni jagi la sharubati. Kidogo ilizima moto, kidogo ilimwagika kwenye kile kisanduku cha umeme, kikalia, taa za duka zima na feni vikazima, na iliyobaki, ambayo mimi nawaambia ilikuwa nyingi, ilikwenda kutua kifuani kwa Mzee Bakari.

Sharubati inamdondoka mzee kwenye kanzu, nyekundu nyekundu, na kaka yake wa Mkwaja anamtazama yeye, kisha ananitazama mimi.

Ndipo ikasikika sauti nyuma, Mwanaidi akimwambia mama yake, naye alidhani anasema polepole lakini kila mtu alisikia. "Mbona zilikuwa nzima? Mimi nikimletea baba chakula naona kila siku. Bwana Kanji akizungusha, injini inakwenda na taa zinawaka, akirudisha vyote vinazimika. Injini na taa vinakula sahani moja."

Nikaelewa. Ule ulimi wa shaba, ile reli ya katikati. Moto ulikuwa unapita relini, ukipanda kwa ule waya ambao sikuukata na kuziunguza globu zangu za tochi, na mimi nimefanya kazi reli miaka mitano. Treni haikuwa na ugonjwa wowote mpaka nilipoitibu.

Mzee Bakari alijifuta taratibu kwa kitambaa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akaniuliza mbele ya watu wote, kwa upole kabisa, "Mwanangu, ulikuwa unaijua kazi hii au hukuijua?"

Mlango ulikuwa wazi, ndugu zangu. Ningesema sikuijua, nisamehe mzee, naamini mambo yangeishia kwenye kicheko na kufua kanzu. Nilimwona mama yangu ananikazia macho niseme. Nikafungua mdomo, na uso wa Mwanaidi naona unanitazama, nikashindwa kabisa kuwa mjinga mbele yake, nikasema, "Naijua, mzee. Nafikiri betri zilikuwa za zamani."

Bwana Kanji, ambaye ndiye aliyeuza zile betri, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Siku ya nne ya Idi Mzee Bakari akamwuliza binti yake kuhusu ile barua, kama inavyotakiwa, na haya tulihadithiwa baadaye na mama yake Mwanaidi. Mnajua kwetu mwari akiulizwa juu ya mchumba hatakiwi kujibu, ananyamaza tu, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Mama yake akangoja anyamaze. Mwanaidi hakunyamaza. Alisema, "Baba, ataniambia anajua, hata nyumba ikiungua," na barua yetu ikarudi kwa mjomba jioni hiyo hiyo, imekunjwa vizuri.

Nilioa baadaye, alhamdulillahi, na mke wangu mtamsikia akilalamika kuwa mimi kila nikiulizwa jambo naanza na sijui. Anauliza bei ya nazi, nasema sijui. Anauliza kama mlango nimefunga, nasema sijui, nainuka nakwenda kutazama. Naona ni afadhali hivyo. Mwanaidi aliolewa na mtu wa posta, na nasikia mumewe huyo ni mpole, ingawa kwa hakika hilo silijui.