Damu kwenye Mabua ya Mtama

Utotoni mwangu, kwetu Kiwangwa, mavuno ya mtama hayakuisha siku tulipokata suke la mwisho. Yaliisha pale Bibi alipofukiza ubani shambani, dua ikasomwa, na watoto wa majirani wakala wali wa sadaka. Kabla ya hapo, punje zilizodondoka kati ya mabua hazikuwa zetu, na ndege waliokuja kuziokota hawakuguswa. Ndivyo Bibi alivyolelewa, naye akatulea hivyo hivyo. Wapo waliomwambia kwamba mambo hayo hayamo katika dini. Aliwasikiliza kwa adabu mpaka wakamaliza, kisha akaendelea na shughuli zake.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja. Baba alikuwa na kazi Chalinze, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mwenye sauti pale nyumbani alikuwa mdogo wake, Baba Mdogo Shabani. Alikuwa mtu mchangamfu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Alikuwa na gobore, na katika kijiji kizima hakuna kitu alichokipenda kama gobore lile, labda mkewe, Mama Mdogo Zaituni.

Mtama ulikuwa umestawi sana. Tulipomaliza kuvuna, njiwa pori na tetere walishuka kwa mamia. Shamba lilionekana kama linatembea. Sadaka ilichelewa kwa sababu Bibi alitaka Baba awepo, na Baba alikuwa bado Chalinze. Baba Mdogo akaona hawezi kungoja. Akashindilia baruti, matambara na vipande vya risasi, akajificha nyuma ya rundo la mabua ukingoni mwa shamba. Mimi akanipandisha juu ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo tulikuwa tukikaa kuamia ndege kabla ya mavuno. Kazi yangu ilikuwa kutazama. Mabua yalikuwa bado yamesimama, marefu kuliko mtu, na yeye kutoka chini asingeweza kuona chochote zaidi ya hatua chache.

Bibi alimkuta pale asubuhi ya kwanza. Hakupaza sauti.

"Shabani, mtama haujatolewa sadaka. Ukimwaga damu kwenye mabua haya, shamba litataka nyingine."

Baba Mdogo akamjibu kwa upole kwamba ndege wamekula jasho letu msimu mzima, nasi tunawala wao, basi hapo hakuna anayemdai mwenzake. Bibi akasema yeye ameshasema, akarudi nyumbani.

Siku hiyo niliona mauaji kwa karibu kwa mara ya kwanza. Mlio mmoja wa gobore ulilaza ndege kumi au zaidi, lakini waliokufa papo hapo walikuwa wachache. Wengine walijiburura chini kwa bawa moja, wengine walizunguka mahali pamoja kama waliofungwa kamba mguuni. Ilibidi niteremke mbio niwakamate ili Baba Mdogo awahi kuwachinja kabla hawajawa nyamafu. Nilikuwa nawakanyaga mabawa kwa miguu yangu pekupeku na kuvuta kichwa nyuma, naye anapitisha kisu. Wengine vifuko vyao vya kooni vilikuwa vimepasuka kwa risasi, na mtama tulioulima sisi ulimwagika mikononi mwangu ukiwa na joto na umelowa damu. Kwanza nilikuwa nafumba macho. Kufika adhuhuri nilikuwa nimezoea, na, nisimfiche mtu, nilikuwa nimeanza kupenda. Usiku tulikula mchuzi wa njiwa. Bibi peke yake hakula.

Siku ya pili sikuwa makini, ndege wakaruka kabla sijajibu swali la Baba Mdogo. Alikuwa akiuliza swali moja tu kila mara kabla ya kupiga: kuna mtu? Nilichelewa, kundi kubwa likaondoka, naye akaniambia mbele ya binamu zangu kwamba angempandisha mbuzi juu ya dungu angepata faida zaidi. Wote wakacheka. Neno hilo nililala nalo.

Asubuhi ya siku ya tatu wakashuka wengi kuliko siku zote. Nilikuwa nimekaa juu ya dungu, magoti yamenibana kifua, sipumui. Upande wa kulia, kwa mbali, niliona mabua yakitikisika. Nilijua ni nani. Mama Mdogo Zaituni alikuwa amepita nyuma ya nyumba na ungo, anakwenda kuokota masuke yaliyosahauliwa. Nilimwona alivyoingia. Nikajiambia kwamba yuko mbali. Nikajiambia kwamba nikisema yupo, Baba Mdogo atangoja, ndege wataruka, nami nitakuwa mbuzi tena.

"Kuna mtu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna," nikasema.

Mlio ulipoisha, ndege wote walikuwa angani, na chini kulikuwa na sauti ambayo haikuwa ya ndege. Baba Mdogo alitupa gobore akakimbia huku akivunja mabua kwa kifua. Niliteremka, nikafika nyuma yake. Mama Mdogo alikuwa amekaa chini, ungo uko mapajani, amejishika uso kwa mikono miwili, na damu inapita kati ya vidole inadondoka kwenye masuke. Shingoni na begani alikuwa na matundu madogo madogo, kila moja linatoa damu yake. Alipoondoa mkono, jicho la kushoto halikuwapo tena. Pale mahali pake sitapaeleza.

Lilisimamishwa lori lililobeba mananasi. Wakatandika jamvi juu ya mananasi wakamlaza, Baba Mdogo akapanda naye, akamshika kichwa njia nzima mpaka hospitali. Alirudi kesho yake bila yeye, kanzu imekauka damu mpaka imekakamaa. Alisema ataishi. Jicho limetolewa.

Alasiri hiyo kaka zake Mama Mdogo wakafika kutoka Kerege. Walikuwa wawili. Hawakutoa salamu, na kwetu mtu mzima kuingia uani bila salamu ni habari tosha. Mkubwa alimpiga Baba Mdogo ngumi ya mdomo, akaanguka. Mdogo akaliona lile gobore, lililokuwa limeokotwa shambani na kuegemezwa ukutani, akalichukua kwa mtutu, akaanza kumpiga nalo kwa kitako. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Ni sauti kavu, ndogo kuliko mtu anavyodhani. Baba Mdogo hakujikinga. Alikuwa amelala kifudifudi kama mtu anayengoja jambo liishe. Yule mkubwa akachomoa panga.

"Nani alikuwa anakutazamia?" akauliza. "Mtu hapigi bunduki kwenye mabua bila mtu juu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Baba Mdogo akainua uso, jicho limevimba limefumba, akanitazama kwa lile jingine. Kisha akatema damu.

"Nilikuwa peke yangu," akasema.

Panga lilikuwa limeshainuliwa Bibi alipofika. Alijilaza juu ya mwanawe, mwili wake mdogo ule, akawaambia wale wanaume kwamba alimkataza, hakusikia, na shamba limechukua lilichotaka. Wakimwaga damu nyingine kabla sadaka haijatolewa, safari hii shamba litawafuata wao mpaka Kerege. Hakuwa anatisha. Alizungumza kama anayewaelekeza njia. Yule mkubwa akalishusha panga. Sijui aliogopa shamba au aliona aibu mbele ya mama mtu mzima. Ubani ulifukizwa jioni ile ile, bila kumngoja Baba.

Mama Mdogo aliporudi kutoka hospitali, Bibi aliniita chumbani kwake. Aliniambia kwamba desturi inataka msichana aliyeokota ndege ndiye amwoshe majeruhi, kila asubuhi na kila jioni, mpaka kidonda kifunge. Na kikishafunga, amchotee maji na kumsuka nywele mpaka atakapoambiwa imetosha. Nilimwosha. Nilijifunza kulitazama lile shimo bila kugeuza uso. Miaka miwili baadaye Bibi akasema imetosha. Hakuniuliza chochote, si siku ile wala baadaye.

Sasa naishi Bagamoyo mjini, nina watoto wakubwa. Bibi alikwisha fariki, na Baba Mdogo vilevile, mkono wake ukiwa umepinda mpaka siku ya mwisho. Baada ya mazishi yake niliwauliza wazee wa Kiwangwa, mmoja mmoja, kuhusu ile desturi ya msichana aliyeokota ndege. Ya ubani wote wanaijua. Hiyo nyingine hakuna aliyewahi kuisikia. Bibi aliitunga. Aliniona nikipanda dungu asubuhi ile, akajua ninachokibeba, na badala ya kunitaja au kuniacha nioze nacho, alinipa kazi ya kufanya.

Kama shamba kweli linadai damu, sijui. Najua kwamba neno lile la Bibi lilimwokoa Baba Mdogo na panga, na kwamba jicho la Mama Mdogo lilichukuliwa na uongo wa mtoto aliyeona haya kuchekwa. Yote mawili nayaamini kwa wakati mmoja, na sijaona namna ya kuacha moja.

Mwaka jana nilikwenda kumwambia Mama Mdogo. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikasema yote tangu mwanzo.

"Ulikuwa unatetemeka kila ukiniosha," akasema. "Nilifikiri unaliogopa jicho."

Nikamwambia hilo pia nililiogopa. Akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka, kwa kuwa adhana ilikuwa imeshalia, nikamtilia maji ya kutawadha.