Mikono Niliyoificha Nyuma

Wacha! Ndilo neno pekee lililonitoka Jumanne asubuhi, nilipopigiwa simu kwamba yule mama wa mtaa wa Kiplombe aliyewafundisha waliofiwa kucheza ameanguka akifagia ukumbi na kukata roho. Jumapili tu nilikutana naye hapa Eldoret, amebeba kabichi mbili, anacheka. Hata sasa ninapoandika, sijaamini.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnakumbuka nilivyomdhihaki katika safu hii. Niliuliza, mjane anayetikisa mabega ukumbini anamlilia mumewe au anasherehekea? Mlicheka nami. Nilichokuwa sijui ni kwamba wiki iliyofuata, kati ya wanawake kumi na wanane, walirudi ukumbini watatu. Wengine walikatazwa na mashemeji, gazeti langu mkononi.

Mwaka jana nikamzika kaka yangu huko Kaptagat. Kwetu mwanamume husimama kaburini mikono nyuma, macho makavu, na watu humsifu. Nilisifiwa sana. Miezi minne baadaye mikono ilikuwa bado nyuma, usingizi umenihama, hadi mke wangu akachoka nami, akanipeleka kwa mama yule. Nilitarajia anifukuze. Badala yake akaniuliza:

"Mzee, unaficha nini huko nyuma?"

"Sifichi kitu."

"Basi lete hiyo mikono tuione. Halafu tembea vile ndugu yako alikuwa anatembea."

Kaka alikuwa akichechemea. Nilichechemea kuzunguka ukumbi mara mbili, kisha nikaketi kwenye saruji nikalia kwa sauti, mbele ya wale wanawake watatu. Siku hiyo nililala.

Nilimwahidi nitaandika kwamba nilikosea. "Ukipata nafasi, Mzee," akasema. Nafasi! Nilikuwa nayo kila wiki. Nimeandika juu ya mbolea, juu ya mashimo barabarani, hata juu ya mbwa wa jirani. Niliona haya, basi, na sasa haya hiyo inanichoma.

Jana tulimzika. Hotuba zilikuwa tele, na hakuna hata moja iliyotaja densi. Jeneza liliposhuka nikajikuta nimesimama mikono nyuma tena. Ala! Nikaileta mbele, nikaanza kucheza kuzunguka kaburi na viatu vyangu vya matope. Mtu akanong'ona kwamba nimelewa. Wale watatu wakanifuata.

Nilikosea, na niliyemkosea hawezi tena kusoma. Kama una mtu wa kuomba radhi, nenda leo. Nawe shemeji uliyehifadhi gazeti lile la zamani, mpe mjane wenu hili. Ukumbi utafunguliwa Alhamisi. Wale watatu wana ufunguo.