Kigoda cha Stesheni

Mume wangu hajapanda treni hata siku moja. Kazaliwa Unguja, kakulia Maskati, lakini meza yetu ya kulia hapa mtaa wa Darsait imekaliwa na stesheni ya Kimarekani ya zama za treni za moshi, aliyoijenga mwenyewe kwa vijiti na gundi. Sisi tunakula mkekani.

Kila kitu lazima kiwe kama kilivyokuwa. Sakafu ya kungojea treni kaibomoa mara mbili, kwa sababu picha za zamani zilimwonyesha kuwa ilikuwa chini mno, na abiria wakiwekewa kigoda ndipo wapande behewa. Basi akachonga kigoda, kidogo kuliko punje ya mchele, akaniita nikione.

Siku hiyo goti lilikuwa likiniuma. Nilikuwa nimetoka kuteremka kwenye gari letu lililoinuka juu, nikiung'ang'ania mlango.

"Bwana we," nikamfokea, "watu wa vijiti umewahurumia miguu yao. Mimi mkeo hunioni?"

Aliiinamia stesheni yake, nami nikaenda zangu jikoni.

Ijumaa, tulipokuwa tunatoka kwenda kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Wattaya, nilikuta kigoda cha mbao chini ya mlango wa gari. Yeye kasimama kando, mkono kaunyoosha, kama mkaguzi wa tiketi anayempokea abiria. Nikapanda bila ya kuguna.

"Niwie radhi," akasema kwa unyonge. "Rangi siyo yenyewe. Ya stesheni za wakati ule sikuipata."