Mpira wa Sufi

Jana nilipokuwa nikifumua mto, harufu ya sufi ilinirudisha Jumamosi ile, saa kumi jioni, kijiji chetu cha ujamaa kilipocheza raga na vijana wa reli kutoka Kilosa mjini. Mpira tulikuwa nao mmoja tu, mama aliushona kwa gunia akaujaza sufi. Kaka alipouangukia mstarini kufunga pointi za ushindi, ukapasuka, sufi yote ikapeperuka.

"Mama, raga yenu imekwisha," nahodha wa reli akamtania.

"Njoo Jumamosi ijayo, mwanangu. Mpira utaukuta, na tutawafunga tena," mama akamjibu.

Nilijificha nyuma ya kanga yake, nikijiuliza ataitoa wapi sufi na msimu wake umepita.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni anafumua mto wake wa kulalia. Niliingia ndani, nikamletea na wangu.