Mashua Isiyopiga Hodi

Mchumba wa binti yangu anatengeneza mashua za umeme, na hilo peke yake lilitosha kumnyima dada yangu usingizi. Kwake yeye, mwanamume wa kuoa ni mwenye duka, au mwenye kazi bandarini, au walau mwenye kiwanja kule mtaa wa Shika Adabu. Umeme ni kitu cha kukatika. Juu ya hayo kijana ni wa bara. Wazazi wake wamekaa Changamwe, karibu na uwanja wa ndege, tangu yeye hajazaliwa, tena ni Waislamu wanaofunga na kuswali kutushinda sisi, lakini dada alikuwa akiwasema kana kwamba wameshuka jana kwenye treni na kuku mkononi.

Sisi ni watu wa Kisauni. Yaani tulihamia Kisauni. Dada hupenda kuongeza kwamba asili yetu ni Mji wa Kale, na huongeza hivyo hata anaponunua vitunguu.

Basi ulipofika wakati wa wazazi kujuana, kabla ya posa yenyewe, binti na mchumba wake wakaamua tusikutane nyumbani. Nyumbani, walisema, watu hukaa wakikagua mapazia. Tukutane majini, kwenye ule mkono wa bahari unaopita Tudor. Sisi tutoke upande wa Kisauni na mashua moja ya kijana, wao watoke upande wa Mikindani na nyingine, tuonane kwenye gati dogo la mbao lililo ndani ya mikoko, tunywe chai. Nilikubali bila kuuliza mengi. Binti yangu ana miaka thelathini na minne, posa mbili zimevunjika tukiwa tumeshaanza kuchagua nguo, na mimi ningekubali hata kama wangesema tukutane juu ya mnazi.

Safari ilipangwa na programu ya simu. Binti aliifungua sebuleni tukamzunguka kutazama. Kitu cha kwanza, programu ilituita manahodha na kutupa hongera, ingawa hakuna aliyekuwa amenyanyuka kwenye kiti. Cha pili, ilituambia tumechagua mto mzuri. Mimi nimezaliwa hapa, nimekunywa maji yale bila kutaka nilipokuwa mtoto, na naapa yana chumvi. Dada akasema huo ndio ujinga wa watu wa umeme, hawajui mto wala bahari. Kisha ikatuuliza madhumuni ya safari: mapenzi, mazoezi, kutafakari au kutazama ndege. Hapakuwa na mahali pa kuandika kuchunguza wakwe. Binti akachagua ndege.

Mwisho ikataka uzito wa kila abiria, ili ipige hesabu ya betri. Mimi nilitaja wangu. Dada alitaja sabini. Binti alinitazama, nami nikatazama dari. Sabini hiyo dada aliiaga alipokuwa na mimba yake ya kwanza, na mtoto wa mimba hiyo sasa ana mvi. Lakini nani angemwambia? Programu iliamini, ikasema betri itatosha na kubaki.

Siku ilipofika tuliondoka asubuhi maji yakiwa yamejaa, tumevaa mabuibui mapya. Usukani aliushika binti mwenyewe, kwa kuwa mchumba wake alikwisha kumfundisha. Dada alisema hajapata kuona mwari anayejiendesha kwenda kuolewa. Mashua ikateleza. Haikutikisika, haikunguruma, haikutoa moshi. Ukiondoa maji yaliyokuwa yakilamba ubavu wake, ungedhani tumekaa kwenye mkeka.

Simu ilikuwa imewekwa mbele, nayo kila mara ilitutajia ndege. Kando yake palikuwa na ramani, na kwenye ramani kinukta cha buluu, ambacho ndicho mashua ya wakwe. Kinukta kilikuwa bado Mikindani. Tulipoingia kwenye mikoko mtandao ukapotea, ndege wakanyamaza, na kinukta kikabaki palepale. Dada akakitazama, akasema watu hawa hata kuondoka hawajaondoka. Tukatulia kando ya gati kuwangoja. Dada akakunja miguu, akaanza kuwasema.

Inafaa nieleze sauti ya dada. Ni sauti ya mtu aliyekulia kwenye mashua za injini, zile ambazo kumwomba jirani akusogezee kikapu ni lazima umfokee. Injini haikuwapo siku ile, lakini sauti yake aliileta. Akasema mchuzi wa watu wa bara hauna nazi, ni maji na huruma. Akasema mtoto kasomeshwa kote kule aje aolewe na fundi wa betri. Binti akamwambia kwa upole, "Mama mkubwa, punguza sauti." Dada aliona amevunjiwa heshima na mtoto, akaongeza.

"Mamake nimesema naye kwa simu," akasema. "Kiswahili chake, wallahi, ni kama mtu apasuaye kuni. Sasa wajukuu wetu watasemaje?"

Hapo nilishindwa. Hasira zangu si za kupanda taratibu, na nikikasirika sauti yangu ni ya dada, kwani tumenyonya titi moja.

"Hebu nyamaza!" nikamwambia. "Hawa ndio waliobaki. Wakibadili nia hawa, huyu nitazeeka naye ndani. Mimi namlilia Mungu usiku na mchana wasimwache, hata wakitaka tule mchuzi wa maji ya mvua!"

Nyuma ya mikoko, karibu sana, sauti ya mwanamke ikasema polepole, "Hodi."

Kwetu hodi ina kazi yake. Mgeni huipiga akiwa nje, hajamwona mtu, ili wa ndani wapate nafasi ya kujitanda mtandio, kuficha sahani na kubadili maneno. Majini, hodi hupigwa na injini. Ukiisikia kwa mbali unajua watu waja, unaanza kutabasamu mapema. Ndiyo maana sote watatu tulikuwa tumekaa ndani ya mashua ya umeme, tunasubiri mashua nyingine ya umeme, na masikio tumeyatega kwenye ngurumo. Wakwe walikuwa wamefika kama paka.

Hakuna aliyeitika. Sisi, ambao tunawafundisha watu wa nchi nzima namna ya kuamkiana, tulikosa neno moja la karibu. Dada alishusha ushungi mpaka kwenye pua.

"Hodi," ikasema tena ile sauti.

Na kila mtu aliyelelewa anajua hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikwa mgeni hugeuka, akaenda zake, wala hana lawama. Yule mama alikuwa na haki ya kugeuza mashua, na baada ya aliyoyasikia nisingemlaumu hata moyoni. Nilihesabu pumzi. Niliogopa, siwezi kusema vingine. Niliona posa ya tatu inaondoka nami nimekaa, tena safari hii nimeifukuza kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Hodi," akasema mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Karibuni," akaitika binti yangu kutoka nyuma kwenye usukani. "Karibuni, mama. Tupo."

Mashua yao ikazunguka mikoko. Kijana alikuwa ameshika usukani, macho yameganda chini. Kando yake mamake na shangazi yake, wamekaa wima na chupa za chai mapajani. Mtandao nao ukachagua kurudi wakati huo, na simu ikatuambia tumewasili, tufurahie utulivu.

Tulipanda gatini, tukaamkiana kwa urefu usio wa kawaida. Habari za nyumbani, za watoto, za majirani, za jua. Zilipokwisha, dada alianza kuomba radhi kwa Kiswahili kizito cha Mvita ambacho hata mimi nilikisikia nusu. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kikombe.

"Wacha hiyo, mama," akasema. "Hata sisi tumewasema kutoka Mikindani mpaka hapa. Ni vile tu upepo ulikuwa unatoka kwenu."

Shangazi mtu akaangua kicheko kilichomwaga chai. Dada akataka kujua wamesema nini. Akaambiwa atasimuliwa siku tutakapokuwa ndugu, na nilimwona dada, kwa mara ya kwanza, ana haraka ya harusi hiyo. Nikashusha pumzi. Nilidhani tumepona.

Kisha yule mama akamgeukia binti yangu. Akasema yeye anapenda mambo ya wazi, na kabla wanaume hawajaletwa kwenye shauri hili angependa kusikia kwa mwenyewe: mtoto wake anatakiwa au hatakiwi?

"Anatakiwa," binti akajibu.

Nilikuwa nimeshaanza kusema alhamdulillahi. Lakini binti hakuwa anamtazama mama mkwe. Alikuwa ananitazama mimi, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Si aliyebaki, mama," akasema. "Ndiye niliyemchagua. Na wale wawili wa kwanza ni mimi niliyewakataa. Nilikuacha useme wamenikimbia kwa sababu niliona hilo ndilo lililokuwa rahisi kwako kuwaeleza watu."

Miaka yote ile nilikuwa nimemwombea, nikamwonea huruma mbele ya majirani, na yeye alikuwa amekaa pembeni akinionea huruma mimi. Yule mama akanimiminia chai nyingine, akaniwekea sukari bila kuniuliza, kama anavyowekewa mgonjwa. Niliinywa yote.